Kati ya Gari na Nyumba: Historia ya Matrela ya Safari ya Marekani na Wakazi Wake

Trela la safari, yaani chumba cha kulala, kupikia na kupumzikia kilichojengwa juu ya magurudumu ili kikokotwe na gari dogo, ni chombo kilichokomaa Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na tangu siku zake za mwanzo kimewatatiza watengenezaji, mahakimu na wakazi wake kwa swali moja: je, ni gari lenye kitanda au ni nyumba yenye magurudumu? Swali hilo lina uzito, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua kodi ipi ilipwe, chombo kiegeshwe wapi, kijengwe kwa kiwango gani, na kama anayelala ndani yake ahesabiwe kuwa mkazi wa mahali hapo au mpita njia. Katika miaka ya karibuni Wamarekani wengi wamekuwa wakinunua matrela yaliyoundwa kati ya miaka ya 1930 na 1970, wakiyabomoa hadi yakabaki mifupa, wakiyajenga upya na kuhamia humo, na jambo hilo limezoeleka kuelezwa kama mtindo mpya uliozuka kutokana na kupanda kwa bei za nyumba. Bei za nyumba ni sababu ya kweli, lakini upya huo haupo, kwa maana mtu anayeishi ndani ya trela la mwaka 1950 mara nyingi analitumia kwa kazi ileile ambayo wanunuzi wake wa kwanza waliikusudia, nayo ni kazi ambayo sheria na viwanda vililiondolea baadaye.

Uingereza ilitangulia katika burudani ya kusafiri na chumba cha kulala, pale daktari na mwandishi William Gordon Stables alipojengewa mwaka 1885 gari la kukokotwa na farasi lililoitwa The Wanderer, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Eccles ya Birmingham ikaanza mwaka 1919 kuuza matrela ya kukokotwa na magari. Mwaka huohuo, huko Tampa katika jimbo la Florida, wasafiri waliokuwa wamekimbia baridi ya kaskazini walianzisha chama kilichoitwa Tin Can Tourists, yaani watalii wa makopo, ambao walikula vyakula vya kopo na kujitambulisha barabarani kwa kopo lililofungwa kwenye kifuniko cha rejeta ya gari. Wengi wao hawakuwa matajiri. Walikuwa wakulima waliokwisha kuvuna, mafundi na wastaafu, wenye magari ya bei nafuu na mahema, na wenye ujuzi wa mikono walijijengea vibanda vya mbao juu ya ekseli za magari makuukuu, wakifuata michoro iliyochapishwa katika majarida ya ufundi. Kwa hiyo trela la Kimarekani lilianza kama kazi ya uani kabla ya kuwa bidhaa ya kiwandani, na anayelikarabati leo kwa mikono yake anaendeleza desturi iliyo kongwe kuliko kampuni nyingi zilizopata kuliuza.

Kiwanda kilifuata upesi. Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria na mwenye kampuni ya dawa mjini Detroit, alibuni trela lenye kuta ngumu badala ya turubai, akalionyesha hadharani mwaka 1930, na kufikia mwaka 1936 kampuni yake, Covered Wagon, ilikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote nchini. Huko California, Wally Byam, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomea Chuo Kikuu cha Stanford kabla ya kuingia katika kazi za matangazo na uchapishaji, alikuwa akiuza michoro ya trela la kujijengea, na mwaka 1931 akaanzisha kampuni ya Airstream mjini Los Angeles. Matrela ya wakati huo yalikuwa ya mbao na hadibodi, yaani mbao nyembamba zilizoshindiliwa kutokana na nyuzi za miti, ambazo hunyonya maji na kuvimba mara rangi inapopasuka, na hiyo ndiyo sababu ni machache sana yaliyosalia. Trela la Trav-L-Coach la mwaka 1934 linalohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Historia ya Marekani mjini Washington ni miongoni mwa mashahidi wachache wa kizazi hicho.

Biashara hiyo ilistawi katikati ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, wakati familia nyingi zilipopoteza ajira na nyumba, na haikuchukua muda mrefu kabla ya trela la likizo kuwa kimbilio la waliokosa pa kulala. Mtabiri wa mambo ya uchumi Roger Babson alitangaza katikati ya miaka ya 1930 kwamba ndani ya miaka 20 zaidi ya nusu ya Wamarekani wangekuwa wakiishi katika matrela. Utabiri huo haukutimia, lakini uliwatia hofu wenye hoteli, wenye nyumba za kupanga na halmashauri za miji, ambazo ziliona mbele yao raia wanaotumia barabara, maji na shule bila kulipa kodi ya ardhi. Mwaka 1936, katika kijiji cha Orchard Lake, Michigan, mkazi wa trela alishtakiwa kwa kuliegesha na kuishi humo kinyume cha kanuni za ujenzi, naye hakimu aliamua kwamba trela lenye vifaa vya nyumba ya kisasa ni makazi ya binadamu, liwe juu ya matofali au juu ya magurudumu, liwe limefungwa kwenye gari au limefunguliwa. Uamuzi huo unaweza kusomeka kama ushindi kwa wakazi wa matrela, lakini matokeo yake yalikuwa kinyume, kwa sababu trela likishaitwa nyumba lililazimika kutimiza masharti ya nyumba, ambayo lisingeweza kuyatimiza kamwe, na mshtakiwa akapatikana na hatia.

Wakati sheria ikibishana na jina, ufundi ulikuwa unapiga hatua ambayo ndiyo iliyowezesha matrela ya zamani kuwepo hadi leo. William Hawley Bowlus, mjenzi wa ndege zisizo na injini, ambaye alikuwa msimamizi wa karakana ya kampuni ya Ryan mjini San Diego wakati ilipoundwa ndege ya Spirit of St. Louis iliyomvusha Charles Lindbergh bahari ya Atlantiki mwaka 1927, alijenga mwaka 1934 trela lililoitwa Road Chief kwa njia ileile ya kujengea ndege. Badala ya kiunzi cha mbao kilichofunikwa, alitumia mabati membamba ya aloi ya alumini yaliyopindwa na kukazwa kwa ribiti, yaani misumari mifupi isiyo na uzi ambayo ncha yake hupondwa hadi ikatanuka, juu ya mbavu nyepesi za alumini, hivyo kwamba ukuta na paa vilikuwa gamba moja linalobeba uzito wake lenyewe kama ganda la yai. Kampuni ya Bowlus ilifilisika mwaka 1936, lakini Byam, aliyekuwa muuzaji wa matrela ya Bowlus, alitoa mwaka huohuo trela la Airstream Clipper lililofuata muundo uleule, isipokuwa mlango, ambao Bowlus aliuweka mbele juu ya ndoano ya kukokotea, ukahamishiwa ubavuni. Clipper liliuzwa kwa dola 1,200, bei iliyozidi ya magari mengi, likiwa na nafasi ya kulala watu wanne, maji yake lenyewe na taa za umeme, na lilipewa jina la ndege kubwa za kampuni ya Pan American zilizokuwa zikivuka bahari. Katika mamia ya watengenezaji wa muongo huo, wengi walikuwa wametoweka kabla ya muongo kwisha.

Vita Kuu ya Pili ililipa trela hadhi ya nyumba kwa amri ya serikali. Viwanda vya silaha, meli na ndege viliwavuta mamilioni ya wafanyakazi kwenye miji isiyokuwa na vyumba vya kuwatosha, na serikali ya shirikisho ikanunua matrela kwa makumi ya maelfu na kuyapanga katika makambi yenye vyoo, mabafu na vyumba vya kufulia vya pamoja. Huko Hanford, Washington, na Oak Ridge, Tennessee, ambako vitu vya kutengenezea bomu la atomiki vilikuwa vikiandaliwa kwa siri, familia nzima ziliishi katika matrela, na kambi ya Hanford ilikuwa miongoni mwa kambi kubwa zaidi za aina hiyo zilizowahi kuwepo. Matrela hayo ya vita yalikuwa ya mbao na hadibodi, kwa sababu alumini ilihifadhiwa kwa ajili ya ndege. Byam mwenyewe alifunga kiwanda chake na kwenda kufanya kazi katika viwanda vya ndege. Watu waliotoka katika makambi hayo walitoka na kumbukumbu mbili zisizolingana, moja ya dhiki ya kuta nyembamba na foleni za choo, nyingine ya nyumba ya kwanza ambayo wengi wao waliwahi kuiita yao.

Amani iliporejea, upungufu wa nyumba ulizidi badala ya kupungua, kwa kuwa wanajeshi walirudi kwa pamoja, wakaoa na kujiandikisha vyuoni. Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, kwa mfano, kiliweka kijiji cha matrela karibu na uwanja wa michezo wa Camp Randall kwa ajili ya wanafunzi waliotoka vitani na familia zao. Hapo ndipo ilipotokea kampuni ambayo, kwa maoni ya makala hii, inastahili nafasi kubwa zaidi katika historia hii kuliko inayopewa kwa kawaida, kwa sababu umaarufu wa Airstream umeifunika. Spartan Aircraft ya Tulsa, Oklahoma, ilianzishwa mwaka 1928 kutengeneza ndege na kufundisha marubani, na wakati wa vita iliongozwa na tajiri wa mafuta J. Paul Getty, ambaye baada ya kukosa soko la ndege aliamua mafundi wake wajenge matrela. Matoleo yake, likiwemo Manor na yale marefu zaidi ya Mansion na Royal Mansion, yalikuwa na gamba la alumini la ubora wa ndege, vioo vikubwa vilivyopinda vya mbele, kuta za ndani za mbao nzuri, chumba cha kulala kilichotengwa kwa mlango na jiko kamili. Hayakukusudiwa kwa wiki mbili za likizo. Yaliuzwa kama nyumba na yaliegeshwa kwa miaka, na ndiyo maana leo fundi anayelichukua trela la Spartan ili aishi ndani yake hukuta kazi ya mpangilio wa vyumba imekwisha kufanywa na watu walioifikiria sana. Kampuni hiyo iliacha kuyatengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kilichoiangusha si ubora wa bidhaa, bali upana wake. Hadi miaka ya 1950 matrela yote, ya kusafiria na ya kuishi, yalikuwa na upana usiozidi futi 8, yaani karibu mita 2.4, kwa kuwa huo ndio uliokuwa mpaka wa barabara kuu. Elmer Frey wa Wisconsin alipigania kuruhusiwa kwa nyumba za futi 10 ambazo zingesafirishwa kwa kibali maalumu, mara moja au mbili tu katika maisha yake, na mara baada ya kupatikana kwa ruhusa hiyo wanunuzi walioitaka nyumba waliuacha upana mdogo. Chama cha watengenezaji kilikuwa kimekwisha kubadilisha jina lake mwaka 1953, kikiacha neno trela na kujiita cha nyumba za kuhamishika, na tangu hapo viwanda viligawanyika pande mbili: upande mmoja nyumba pana zisizosafiri, upande wa pili vyombo vyembamba vya burudani ambavyo watengenezaji wake waliapa kwamba si nyumba. Filamu ya mwaka 1954 ya The Long, Long Trailer, iliyoigizwa na Lucille Ball na Desi Arnaz, ambamo wanandoa wapya wanajaribu kufanya trela refu kuwa nyumba yao ya kwanza, ilitoka wakati wa mgawanyiko huohuo. Bunge la Marekani lilitia muhuri juu ya mgawanyiko huo kwa sheria ya mwaka 1974, iliyoanza kutumika Juni 1976, ambayo iliweka viwango vya kitaifa kwa nyumba zinazojengwa kiwandani, na kanuni zilizoifuata zikavitenga vyombo vya burudani visivyozidi futi za mraba 400, yaani karibu mita za mraba 37, kwa hoja kwamba ni vya kukaa kwa muda. Tangu wakati huo trela la futi 8, hata kama wazazi walilea watoto ndani yake mwaka 1948, mbele ya serikali ni gari.

Byam, kwa upande wake, alilikumbatia gari. Mwaka 1952 alifungua kiwanda cha pili mjini Jackson Center, Ohio, ambako Airstream inaundwa hadi leo, na kuanzia miaka hiyo aliongoza misafara ya wateja wake katika Meksiko, Ulaya na kwingineko. Msafara uliovuma kuliko yote ni ule wa mwaka 1959 hadi 1960, ambapo matrela 41 yalitoka Cape Town hadi Cairo, yakipita Afrika Mashariki na Ethiopia, ambako wasafiri walipokewa na Mfalme Haile Selassie. Safari hizo zilikuwa matangazo ya biashara, na ni haki kusema kwamba ziliiona Afrika zaidi kama uwanja wa kujaribia ekseli kuliko kama makazi ya watu, lakini zilizaa jambo lenye manufaa kwa kila mkazi wa trela aliyekuja baadaye. Trela linalopita mahali pasipo na bomba wala nguzo ya umeme lazima lijitosheleze, na toleo la International la mwaka 1957 lilifungwa bafu, maji ya moto na mwanga bila kutegemea chochote cha nje. Miaka saba baada ya kifo cha Byam cha mwaka 1962, shirika la anga la Marekani lilitumia gamba la Airstream kutengeneza chumba cha karantini ambamo wanaanga watatu wa Apollo 11 walikaa mara baada ya kutua baharini, kwa hofu kwamba wangeleta vijidudu kutoka mwezini.

Sambamba na alumini hiyo ya kifahari kulikuwepo matrela madogo ya bei nafuu, kama Shasta ya California na Scotty ya Pennsylvania, ambayo kwa umbo lake la mviringo wapenzi wake huyafananisha na kopo la nyama ya paja. Ndani yake kulikuwa na kiunzi cha mbao nyembamba, nje bati jepesi la alumini lililopigiliwa kwa pini, na kuta za ndani za plaiwudi ya mti wa betula iliyopakwa vanishi ya rangi ya asali. Yaliuzwa kwa wingi katika miaka ya 1950 na 1960, kisha kupanda kwa bei ya mafuta katika miaka ya 1970 kukayaacha mengi, pamoja na ndugu zake wakubwa, nyuma ya mabanda ya mashambani, ambako yaligeuka stoo na mabanda ya kuku. Miongo miwili ya kusahauliwa ndiyo iliyoyafanya yawe rahisi kununuliwa. Katika miaka ya 1990 wakusanyaji walianza kuyatafuta, chama cha Tin Can Tourists, kilichokuwa kimekufa, kikafufuliwa mwaka 1998 kama chama cha wapenzi wa matrela ya zamani, na Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York likaingiza katika hazina yake trela dogo la Airstream Bambi la mwaka 1963.

Ukarabati wenyewe ni kazi inayotii mpangilio wa matabaka ambayo kiwanda kiliyaweka. Trela la Airstream limejengwa juu ya chesisi ya chuma yenye umbo la ngazi. Juu ya chesisi imelazwa sakafu ya plaiwudi. Juu ya kingo za plaiwudi umesimama mfereji wa alumini unaoshika mbavu za gamba. Na boliti zinazopita katika mfereji, plaiwudi na chuma ndizo zinazoyaunganisha matabaka yote matatu. Maana yake ni kwamba tabaka laini kuliko yote, yaani mbao, limebanwa katikati ya metali mbili zinazodumu, na uhai wa jengo zima unategemea kitu ambacho maji hukiozesha. Maji huingia mahali palepale katika kila trela: kwenye maungio ya mabati, kandokando ya madirisha na taa, chini ya mlango, na zaidi ya yote nyuma kabisa juu ya bampa. Yakiisha kuingia hayaoni pa kutokea, kwa kuwa chini ya chesisi limefungwa bati la tumbo, ambalo kazi yake ni kuzuia vumbi na upepo lakini huishia kuwa sinia la maji, na hapo kutu hula mikono ya chesisi huku alumini inayogusana na chuma penye unyevu ikigeuka unga mweupe.

Kwa sababu hiyo mafundi wanaofahamu kazi hii hawaanzi na rangi wala makabati. Wanachoma sakafu kwa bisibisi pembezoni na nyuma ili kuona kama inatitia, na katika matrela marefu ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na ya 1970 wanapanda juu ya bampa na kutazama kama chesisi inashuka huku gamba likibaki palepale, dalili kwamba boliti za nyuma zimeng'oka katika mbao zilizooza na nyumba imeachana na msingi wake. Ikiwa uozo umeenea pande zote, hakuna njia ya mkato iliyo salama: samani zote hutolewa, kuta za ndani huvuliwa, boliti hukatwa, na gamba zima huinuliwa kwa jeki na viunzi hadi chesisi ivutwe kutoka chini yake, ichomelewe, ipakwe rangi ya kuzuia kutu na kutandikwa plaiwudi mpya. Wengi hushawishika kuziba mashimo na kufunika sakafu kwa tabaka jipya la kupendeza, na trela la namna hiyo hupendeza machoni hadi mvua za msimu wa pili. Ukarabati unaoficha uozo hauna haki ya kuitwa ukarabati.

Gamba likiwa wazi ndipo kazi ya ribiti hufanyika, na inahitaji watu wawili, mmoja nje akiwa na bunduki ya ribiti inayogonga kwa hewa, mwingine ndani akiwa amebonyeza kipande cha chuma kizito dhidi ya ncha, wakielewana kwa sauti kupitia bati, kwani pigo moja la ziada huacha alama isiyofutika. Ribiti za kupachikwa kutoka upande mmoja zipo, na kwa urekebishaji mdogo zinatosha, lakini mahali palipo na mzigo za kupondwa ndizo imara. Katikati ya bati la nje na la ndani huwekwa kizuia joto kipya badala ya pamba ya kioo ya zamani, ambayo kwa kawaida hukutwa imejaa viota vya panya na mikojo yao. Nyaya za umeme hubadilishwa zote, maana trela lina mifumo miwili, ule wa volti 12 wa betri na ule wa volti 120 wa nje, na wamiliki waliotangulia mara nyingi wameichanganya. Ekseli za mpira, ambazo Airstream ilianza kuzitumia katika miaka ya 1960 badala ya springi za vyuma, hukauka zikikaa miaka bila kutembea, na haziponi ila kwa kubadilishwa. Jiko na kipasha joto vya zamani vya gesi ni jambo la uhai na mauti, kwa sababu katika chumba kidogo kilichofungwa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, huua usingizini.

Matrela ya mbao hufuata njia tofauti. Bati la nje huvuliwa kwa uangalifu na kuwekwa kando, kiunzi kilichooza hupimwa na kunakiliwa kipande kwa kipande, kipya huchongwa kwa kufuata umbo la kile cha zamani, kisha bati hurudishwa juu yake likiwa na utepe mpya wa mpira katika kila ungio. Mtu anaweza kuuliza ni kitu gani cha zamani kinachobaki, na swali hilo ni halali. Hata hivyo swali kama hilo linawahusu pia wale wanaong'arisha alumini hadi ikaakisi mawingu, kwa kuwa kiwanda cha Airstream hakikuyauza matrela yake yakiwa vioo. Mabati yake, aloi iliyofunikwa kwa utando mwembamba wa alumini safi, yalitoka na mng'ao mtulivu, na kuanzia miaka ya 1960 yalipakwa rangi isiyoonekana ya kuyalinda. Mng'ao wa kioo ni ladha ya wakarabati wenyewe, umezaliwa katika kizazi chao, na hakuna ubaya katika hilo maadamu hauitwi uhalisi.

Kuishi humo kuna masharti ambayo picha nzuri haziyaonyeshi. Mbavu za alumini hupitisha baridi moja kwa moja, hivyo pumzi za watu wawili usiku wa majira ya baridi hugeuka matone ukutani na kurudisha ule unyevu ambao fundi alihangaika kuufukuza, mabomba huganda, na majitaka, yanayokusanywa katika tangi moja la choo na jingine la sinki na bafu, ambalo matrela mengi ya kale hayakuwa nalo kabisa kwa sababu maji ya kuoshea yalimwagwa ardhini, lazima yapelekwe mahali yanapokubalika. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, ambapo familia nyingi zilipoteza nyumba zao, idadi ya wanaoyakubali masharti hayo haikuwa tena ya wapenda vitu vya kale pekee. Kitabu cha Jessica Bruder cha mwaka 2017, Nomadland, kiliwaeleza wazee waliohamia katika magari na matrela huku wakifanya kazi za msimu, na filamu iliyotokana nacho ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Katika jangwa la Arizona, kandokando ya Quartzsite, idara ya ardhi za umma imekuwa tangu miaka ya 1980 ikiruhusu kwa ada ukaaji wa miezi kadhaa wa majira ya baridi, na mandhari ya huko yanafanana mno na makambi ya Tin Can Tourists.

Sheria, zaidi ya baridi na zaidi ya kutu, ndiyo inayowashinda wengi. Mwaka 1936 mkazi wa Orchard Lake alihukumiwa kwa sababu trela lake lilikuwa nyumba. Leo mkazi wa trela lililojengwa upya kwa uangalifu kuliko nyumba nyingi za mkopo anaweza kufukuzwa katika kiwanja chake mwenyewe kwa sababu trela lake si nyumba, na hukumu zote mbili, kwa sababu zinazopingana, zinaishia kumtoa mtu ndani. Dosari hiyo haiwezi kurekebishwa na fundi. Inahitaji halmashauri zikubali kwamba usalama wa makazi hupimwa kwa sakafu, umeme, gesi na majitaka, si kwa kuwepo au kutokuwepo kwa magurudumu, na kuna mahali ambapo kazi hiyo imeanza: mwaka 2021 jiji la Portland, Oregon, lilibadilisha kanuni zake na kuruhusu trela moja la safari au nyumba ndogo ya magurudumu ikaliwe katika kiwanja cha makazi.